Baba ameondoka alfajiri bila kuaga. Miezi minne Dar, nini hasa kimemshinda?

#1 Mtoto wa Masoko
Habari zenu wana jukwaa. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo ya watu wazima.

Mama alifariki Oktoba 2023. Baba akabaki peke yake kijijini, Rungwe, mkoani Mbeya. Ana miaka 76. Tuko watano, sote tumesambaa, mimi ndiye mkubwa. Januari mwaka huu nikamfuata, nikamleta kwangu Tegeta. Nyumba ina vyumba vitatu. Wanangu wawili nikawahamishia sebuleni, babu akapewa chumba chao. Godoro jipya, chandarua kipya, feni. Sikuona alichokosa.

Wiki iliyopita, Jumanne, nimeamka saa kumi na mbili nikakuta mlango wa chumba chake uko wazi. Kitanda kimetandikwa, shuka imechomekwa kona zote nne, begi halipo. Geti limerudishiwa taratibu, komeo limefungwa nusu. Simu haipatikani. Nilizunguka na bodaboda mpaka Bunju, nikapita vituo viwili vya polisi. Saa mbili usiku mdogo wangu wa Mbeya ananipigia: "Kaka, mzee yuko hapa, anakunywa chai."

Nimempigia, nikamuuliza, baba, kosa langu nini? Akasema: "Hakuna kosa. Nyumba yangu itaota majani." Basi. Tangu siku hiyo nikipiga anauliza wajukuu, nikigusa suala la kuondoka anasema vocha inaisha, na mpigaji ni mimi.

Waliowahi kuishi na wazazi mjini, nielezeni. Nini kinawashinda?

#2 Kipupwe
Joto, mkuu. Tukuyu, huko kwenu Rungwe, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvua karibu mwaka mzima, watu wanalala na mablanketi mawili. Halafu umemleta Tegeta mwezi wa kwanza, ukampitisha na wa pili. Feni inapuliza joto lilelile. Ungemleta Juni.

#3 Mama wa Kibanja
Pole sana kaka. Nikuulize kitu kimoja tu: kaburi la mama liko wapi?

#4 Mtoto wa Masoko
Nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kama hatua ishirini kutoka jikoni.

#5 Mama wa Kibanja
Basi jibu unalo. Kwetu Kagera ni hivyohivyo, wafu wetu tunawalaza kwenye kibanja. Nilimleta baba yangu Mwanza, wala si mbali, kuvuka ziwa usiku mmoja tu. Kila jioni saa kumi na mbili alikuwa hatulii. Anasimama, anakaa, anatoka nje, anarudi. Nikadhani ni maradhi. Siku moja akaniambia, "Saa hizi ndiyo nampitia mama yako." Kumbe tangu tumzike alikuwa anapita pale kila jioni akitoka kufunga mbuzi, anaondoa majani makavu ya migomba juu ya kaburi, anaingia ndani. Nilimrudisha wiki hiyohiyo.

"Nyumba yangu itaota majani." Rudia hayo maneno polepole, usiyachukulie kama ni ya nyumba tu.

#6 Debe Tupu
Mimi naona mnazunguka. Mzee wa kijijini ambaye hajawahi kutoka kwao ukimleta jijini lazima achanganyikiwe. Magari, kelele, geti, majirani hawasalimiani. Angezoea tu kama angepewa mwaka.

#7 Mtoto wa Masoko
#6 hapana mkuu. Baba alijenga reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia waliyoijenga Wachina. Aliondoka nyumbani akiwa kijana wa miaka 21, akalala kwenye kambi za porini miaka minne, na simba nje. Si mtu wa kutishwa na Tegeta.

#8 Mlimba Junction
Heshima kwa mzee. Ujenzi rasmi ulianza 1970, reli ikakamilika 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho, kule ndiko kwenye mahandaki na madaraja yaliyosongamana. Marehemu baba yangu naye alikuwepo. Mpaka anaingia kaburini alikuwa anahesabu moja mpaka kumi kwa Kichina na kunywa maji ya moto bila majani ya chai.

Lakini mleta uzi, umejibu #6 vizuri na hapohapo umefungua swali jingine. Porini alikwenda kufanya kazi, ana koleo, ana mshahara, ana vijana wenzake mia wa kupiga nao soga. Kwako alikuja kukaa. Alikuwa anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni?

#9 Mtoto wa Masoko
Mlimba, umenigusa mahali.

Alikuja na nyengo yake kwenye begi, ile ya kusafishia migomba, mpini wake umekuwa mweusi kwa jasho. Kila asubuhi alikuwa anaitoa, anainoa kwenye kona ya ngazi ya saruji, anapima makali kwa kidole gumba, anaifunga kwenye kitambaa, anairudisha. Kwangu hakuna mgomba hata mmoja. Uwanja wote nimeweka pevingi.

Halafu kulikuwa na kiti cha plastiki cha bluu. Asubuhi anakiweka ukuta wa magharibi kwenye kivuli. Kivuli kikisogea, naye anasogeza. Ikifika saa saba amefika chini ya ngazi, alasiri yuko ukuta wa mashariki karibu na tangi. Mwanangu mdogo alikuwa anajua saa kwa kuangalia babu amefika wapi. Tulikuwa tunalichukulia kama jambo la kufurahisha. Leo nikiangalia zile alama za miguu ya kiti kwenye pevingi, najisikia vibaya.

#10 Sukari ya Mtibwa
Mkuu mmemlisha nini lakini? Mnyakyusa ukimpa wali maharage siku kumi mfululizo ameshahesabu ni kifungo. Mbalaga, zile ndizi zao za kupika, alikuwa anapata?

#11 Mtoto wa Masoko
Ndizi nilikuwa namnunulia Mabibo kila Jumamosi. Alikuwa anazibonyeza, anasema zimevunwa na mtu mwenye haraka.

#12 Kipupwe
Hilo nalo ni kweli, ndizi za Mabibo nyingi zinakatwa changa ili zihimili safari. Mzee yuko sahihi.

#13 Nesi Zamu ya Usiku
Nimesoma kuanzia juu, naona kila mtu anakwenda kwenye joto na ndizi. Mimi nahudumia wazee wodini. Mleta uzi, naomba ujibu haya: alikuwa analala usiku au anaamka saa tisa na kukaa? Nguo zilianza kumpwaya? Redio alikuwa anasikiliza kama zamani? Alikuwa anamtaja mama?

Mfiwa wa miaka 76 aliyeishi na mwenzake miaka zaidi ya hamsini, tunamhamisha kabla machozi hayajakauka, halafu tunasema "mjini hapamfai." Inawezekana hata kijijini hapamfai kwa sasa. Huzuni ya mzee haiji kwa kulia. Inakuja kwa kukaa kimya, kukosa hamu ya chakula na kuumwa mgongo. Usiache kumfuatilia huko aliko kwa sababu tu "amerudi kwao."

#14 Mtoto wa Masoko
Nesi, asante. Mama alikuwa hamtaji kabisa. Redio alikuwa anaiwasha kwa taarifa ya habari ya saa mbili tu. Usiku sijui, nilikuwa nimelala. Hilo la nguo itabidi niulize.

#15 Binti Lufilyo
Samahani nitaandika kirefu. Mimi ni wa hukohuko, nimeolewa hukohuko.

Nyie wote mnazungumzia jiji. Hamjauliza nyumba. Vyumba vitatu, korido moja, choo kimoja na bafu moja, na ndani kuna mke wa mtoto. Kwa Mnyakyusa wa umri wa mzee huyu, mkwe wa kike na baba mkwe hawakai hivyo. Mkwe huyo alikuwa hakutani na baba mkwe njiani. Akimwona anapinda, anajificha kwenye migomba mpaka apite. Hamwangalii usoni. Jina lake halitamki, na hata maneno ya kawaida yanayofanana na lile jina anayaacha, anatumia mengine. Bibi yangu kuna neno la jikoni hakulitamka mpaka anakufa, kisa linaanza kama jina la baba mkwe wake aliyekufa miaka thelathini kabla. Wanawake walikuwa na msamiati wao mzima kwa ajili ya hilo.

Na ndiyo maana zamani vijana wa kiume hawakujenga kwa baba zao. Walianza wakiwa wadogo, miaka kumi na kitu, wanajenga kijiji chao pembeni na rika lao, wanaoa huko, wanazeekea huko. Mtu anazeeka na wenzake, hazeekei kwa mtoto wake.

Sasa umchukue mtu aliyekulia humo, umwambie apishane koridoni na mke wako amevaa khanga anatoka kuoga. Hawezi kukwambia. Akikwambia ameshavunja hiyo heshima yenyewe.

#16 Mwimba Kwaya
Dada #15 hizo ni habari za mababu. Wamisionari Wamoravian wameingia Rungwe 1891. Baba yangu ni mzee wa kanisa, tunakaa meza moja na mke wangu, anasalimia, anacheka, anaomba chumvi. Tusiwarudishe wazee wetu makumbusho.

#17 Binti Lufilyo
Mwimba Kwaya, sijasema wote. Hata mimi na baba mkwe wangu tunasalimiana. Ila muulize mkeo, siku baba yako yupo anavaa nini na anapita mlango gani. Mengine yameisha mdomoni, miguuni bado yapo.

#18 Wakili wa Kakamega
Niko Nairobi, lakini hii ni yetu pia. Huku kwetu magharibi mama mkwe halali kwa nyumba ya mume wa binti yake, iwe ghorofa iwe nini. Dada yangu alijifungua, mamangu akaja kumsaidia, ikabidi tumtafutie chumba cha kulala kwa jirani, mtaa wa pili. Shemeji alikuwa anamsihi alale, anakataa kwa upole tu. Ukimuuliza anasema mgongo wake haupendi kitanda chao.

#19 Ukoo wa Mpwapwa
Mnasahau kizazi hiki kimeshahamishwa mara moja. Babu yangu alihamishwa miaka ya sabini kwenye vijiji vya ujamaa, akaacha mbuyu wake na makaburi ya wazazi. Kila akisikia neno "kuhama" uso unabadilika. Labda na mzee ana kovu hilo.

#20 Mlimba Junction
#19 kwa Wagogo sawa kabisa, ila kwa Rungwe sidhani. Sehemu za migomba, Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe, watu walikuwa wameshabanana tayari, hawakuhamishwa kama kwenu.

#21 Mtu wa Makunduchi
Mama yangu mie ana miaka 79, hataki kuja Dar hata kwa harusi ikiangukia siku ya pensheni. Zanzibar mwenye miaka 70 anapata pensheni jamii tangu 2016, awe alifanya kazi serikalini asifanye. Pesa yenyewe si nyingi, ila siku hiyo anavaa buibui jipya, anakutana na wenziwe wote, wanakaa barazani mpaka adhuhuri. Nikimtumia mimi mara tatu ya ile anashukuru, lakini hasisimki.

#22 Debe Tupu
Bara hakuna hii kitu?

#23 Mtu wa Makunduchi
Kwa wote, hakuna. Bara pensheni ni ya aliyechangia mfuko.

#24 Shangazi Rukia
Nimesoma posti ishirini na tatu. Wanaume mmechambua reli, ndizi na pensheni. Mleta uzi, mkeo unamtaja kwenye posti gani? Mwanamke aliyeshinda na huyu mzee mchana kutwa miezi minne wewe ukiwa kazini, umemuuliza yeye ameona nini? Nenda kamuulize, halafu uje.

#25 Mtoto wa Masoko
Nimekwenda. Nimechelewa kurudi kwa sababu mazungumzo yalikuwa marefu.

Mke wangu ni wa Lushoto. Ameniambia hivi: kwa miezi minne baba hakumwangalia usoni hata mara moja. Akiweka chakula mezani, mzee anasubiri mpaka atoke ndiyo anasogea. Akiingia sebuleni, mzee anatoka na kiti. Kabla ya kupita koridoni alikuwa anakohoa mara mbili. Yeye akaelewa kwamba hapendwi, kwamba mzee alitaka mkwe wa kwao. Alilia mara nyingi na hakuniambia, aliogopa nitasema ananifitinisha na baba yangu.

Halafu akasema jambo ambalo sikulijua kabisa. Aligundua kwamba mzee haogi yeye akiwepo. Kwa hiyo kila siku saa tisa alasiri alikuwa anachukua watoto, anasema kwa sauti "jamani twendeni dukani," anakaa kwa jirani saa nzima. Akirudi anakuta bafu limelowa na ndoo imegeuzwa. Miezi minne. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Nimemsomea posti ya #15. Akanyamaza, akaniomba simu asome mwenyewe.

#26 Shangazi Rukia
Mke huyo umshike kwa mikono miwili.

#27 Binti Lufilyo
Mwambie wifi yangu pole, na mwambie kukohoa mara mbili ni heshima kubwa. Mzee alikuwa anambishia hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

#28 Mtoto wa Masoko
Bado kuna jingine. Ng'ambo ya barabara kuna mafundi pikipiki. Jana nimepita kuwauliza kama walimwona mzee siku ile. Fundi mkubwa akashangaa: "Baba? Tiketi nilimkatia mimi, Mbezi, siku mbili kabla. Alisema umesafiri." Nauli alikuwa anadunduliza ile hela ya soda niliyokuwa namwachia.

Anasema kila siku alfajiri mzee alikuwa anavuka kwenda kwenye choo chao, anawaachia mia mbili ingawa walikataa. Akishamaliza anakaa kwenye tairi, anawashikia spana. Alishajua namba zake zote: kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Wakamwita Babu Reli. Mimi natoka kazini saa moja usiku namkuta kwenye kiti cha bluu, nikajua ameshinda hapo.

#29 Mwimba Kwaya
Hapo sasa dada #15 naona choo kinakupa ushindi.

#30 Mlimba Junction
Ushindi gani? Kwa choo mtu anakaa dakika kumi. Hapo kuna tairi, spana na jina la utani. Mzee alikuwa anakwenda kazini.

#31 Mama wa Kibanja
Na kama alipata kazi, rafiki na choo, mbona bado ameondoka? Mimi nabaki na hatua ishirini kutoka jikoni.

#32 Nesi Zamu ya Usiku
Hajanijibu kuhusu nguo.

#33 Mtoto wa Masoko
Nesi, mke wangu anasema mkanda wake alitoboa tundu jipya mwezi wa tatu. Alitumia msumari.

#34 Nesi Zamu ya Usiku
Basi mdogo wako wa Mbeya ampeleke akapime uzito, presha na sukari wiki hii, asisubiri mpaka aseme anaumwa. Na kila mwezi apimwe uzito kwa mizani ileile. Likiwa ni huzuni tu, tutajua kwa kuona anarudi. Kama harudi, kuna kingine.

#35 Debe Tupu
Niseme linaloniuma. Mnamsikitikia sana mzee, je, akianguka bafuni kijijini saa nane usiku nani anamwokota? Mtoto mkubwa ndiye atasemwa msibani, "aliwatelekeza." Mimi mama yangu alikataa kutoka Kilosa, tukamwacha kwa heshima zote, akaanguka, akakaa chini mpaka asubuhi muuza maziwa alipopita. Heshima yetu ilimfanyia nini? Ningeweza kurudisha siku, ningembeba analia.

#36 Mama wa Kibanja
Pole sana Debe. Sikujua. Mimi baba yangu baada ya kumrudisha aliishi miaka sita, jirani akiwa analala kwake. Labda ndiyo tofauti yetu, jirani.

#37 Wakili wa Kakamega
Debe, pole ndugu yangu. Kwa wale wanaotafuta njia ya kati: sisi tuliajiri kijana wa hapohapo kijijini, anakamua ng'ombe na kulala chumba cha nje. Mzee anamgombeza kutwa, na hiyo kugombeza imempa nguvu.

#38 Kipupwe
Pia choo cha nje Tegeta kinajengeka. Mleta uzi una nafasi karibu na tangi. Shimo lipo tayari, ni kuongeza chemba na chumba kidogo. Fungua na mlango wake wa kuelekea uani.

#39 Mtoto wa Masoko
Kipupwe, fundi amekuja kupima leo asubuhi. Sijui kama baba atakitumia. Nimemwambia pia ang'oe pevingi mistari minne pale ukuta wa mashariki, nione kama mgomba utakubali.

Mrejesho mfupi. Mdogo wangu amempeleka mzee zahanati jana, presha iko juu kidogo, wamempa dawa. Uzito wameandika. Kuhusu kijana wa kulala naye, baba amesema atafikiri, na kwake hilo si "hapana."

Jana usiku mke wangu amempigia mwenyewe, mara ya kwanza tangu tuoane. Mimi nilitoka nje. Hawakuongea hata dakika mbili. Amesema mzee aliuliza kama saa tisa bado anawapeleka watoto dukani.

Tunakwenda Juni shule zikifungwa, yeye na watoto na mimi. Tutalala kwa mdogo wangu, mzee tutamshindia mchana. Nitaleta mrejesho.

#40 Binti Lufilyo
Alikuwa anajua.

#41 Nesi Zamu ya Usiku
Mkifika mwangalieni mkanda, yuko kwenye tundu gani.

#42 Sukari ya Mtibwa
Tunasubiri mrejesho mkuu. Mkirudi mkipita Kiwira niwekee gunia la viazi, nitatuma nauli yake. Na ndizi, ila zikatwe na mzee mwenyewe.